Uliza Fundi: Bati la ekzosi linalolia

Barua za toleo hili zinahusu jambo moja ambalo murramu, mashimo na matuta yetu hulizalisha kila siku: kelele ya bati la ekzosi, yaani bomba la moshi, chini ya gari. Tumezifupisha, lakini maelezo ya gari na ya kelele tumeyaacha kama yalivyoandikwa, kwa sababu humo ndimo jibu linamotoka.

SWALI: Habari za kazi. Nina Premio ya otomatiki. Asubuhi nikiiwasha, chini kunalia kama kopo lenye misumari. Nikiendesha dakika kumi kunanyamaza. Nikikwama kwenye foleni mjini, gia ikiwa D na mguu kwenye breki, kelele inarudi. Fundi amesikiliza akasema injini imekwisha, nitafute nyingine. Je, ni kweli?
*Mama wa watoto watatu, Mbale*

JIBU: Mama, pesa ya injini iache ilipo. Kulia gari likiwa baridi, kunyamaza likipata moto, kisha kurudi kwenye D ukiwa umesimama: mambo hayo matatu yakija pamoja, kitu cha kwanza kukagua ni bati la kinga ya joto kwenye ekzosi. Ukaguzi wenyewe ni wa nusu saa.

Ekzosi ni ya moto kuliko watu wengi wanavyodhani. Katalisti, lile kopo la kusafisha moshi ambalo mafundi huliita masega, hufanya kazi yake vizuri likiwa kati ya nyuzi 400 na 800 za Selsiasi. Juu yake kuna sakafu yenye zulia, na kando yake hupita mabomba ya petroli na ya breki, nyaya, na mipira ya driveshafti, yaani vyuma vinavyozungusha magurudumu. Kwa hiyo kiwanda huweka mabati membamba, mengi yakiwa na unene wa nusu milimita hadi milimita moja, na kuacha nafasi ya hewa kati ya bati na bomba. Utayakuta juu ya manifoldi, yaani mabomba yanayopokea moshi kwenye injini, kuzunguka katalisti, chini ya sakafu katikati ya gari, na juu ya silensa ya nyuma.

Kwa nini lilie asubuhi na kunyamaza baadaye? Chuma kikipata joto hurefuka. Bomba la chuma la mita moja likipanda nyuzi 400 huongezeka karibu milimita 5. Bati la nje halipati moto sawa na bomba la ndani, kwa hiyo haviongezeki sawasawa. Asubuhi kuna mwanya mdogo kama unene wa kucha, na bati linapiga. Ekzosi ikivimba, mwanya unazibika. Magari mengine hufanya kinyume, yananyamaza baridi na kulia moto, kutegemea bati limelegea upande gani.

D nayo ina sababu yake. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 700 kwa dakika hutoa mipigo kama 23 kila sekunde, na ukiwa umekanyaga breki injini inasukuma bila kwenda popote. Mtikisiko wote unashuka kwenye ekzosi. Bati jembamba lina sauti yake kama sufuria lilivyo na yake. Mtikisiko ukiifikia sauti hiyo, bati linaanza kuimba.

Anza ukiwa nje ya gari. Mtu unayemwamini akae kwenye usukani, breki ya mkono iwe juu, mguu ukanyage breki barabara, gia iwe D. Asisimame mtu yeyote mbele wala nyuma ya gari. Wewe chutama ubavuni, sikiliza mbele, katikati, kisha nyuma. Baadaye arudishe P na kupandisha mizunguko polepole kutoka 1,000 hadi 3,000. Kelele ikijitokeza, tuseme, kati ya 1,800 na 2,200 tu kisha ikapotea, karibu kila mara ni kitu chembamba kinachotikisika. Beringi au pistoni iliyochoka hailii kwa kuchagua hivyo.

Kisha zima gari na uliache lipoe saa mbili. Usikubali mtu akuharakishe hapa, maana ekzosi inaunguza muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Egesha mahali tambarare na pagumu, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini, inua kwa jeki, kisha liketishe gari juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia tu. Mtu asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Vaa glavu na miwani, kisha gonga ekzosi kwa ngumi au nyundo ya mpira kuanzia mbele kwenda nyuma. Bati imara hutoa sauti fupi iliyoziba. Lililolegea litalia chaka-chaka, na utaipata ile sauti ya asubuhi papo hapo. Ukigonga katalisti ukasikia changarawe zinazunguka ndani, hilo si bati: masega yenyewe yamevunjika, na gari lenye ugonjwa huo kwa kawaida hupungukiwa nguvu pia.

Sasa mulika tochi kwenye kila bolti ya bati. Tundu zima ni duara. Tundu lililochoka limerefuka kama jicho, kingo zake zimekuwa nyembamba kama karatasi, na kuizunguka bolti kuna pete ya chuma kinachong'aa mahali bati limekuwa likisugua. Chini ya pete hiyo kuna unga mwekundu wa kutu. Ukiishika bolti utaona bado imekaza kabisa. Ni bati lililoliwa likaiacha bolti peke yake, ndiyo maana fundi anayepitisha spana tu na kusema "zote zimekaza" anaweza kuondoka bila kuuona ugonjwa.

Kwenye Toyota nyingi bolti hizi ni M6 zenye kichwa cha spana 10. Za manifoldi huweza kuwa M8, spana 12. Puliza dawa ya kutu, subiri dakika 20, sugua kwa brashi ya waya. Fungua robo mzunguko, rudisha kidogo, fungua tena. Ikigoma usiilazimishe, puliza tena na usubiri. Bolti ya M6 iliyooza hukatika kirahisi sana, na ikikatikia kwenye manifoldi umejiongezea kazi ya kutoboa. Tundu likiwa limeliwa, tumia washa pana, yaani pete bapa ya chuma: tundu la ndani milimita 6, upana wa nje milimita 20 hadi 25, moja kila upande wa bati ikiwezekana. Paka nyuzi za bolti grisi ya shaba ili siku nyingine ifunguke. Kaza newtonmita 8 hadi 10 kwa M6, yaani spana fupi, mkono ukiwa karibu na kichwa. Ukizidisha, washa inakata bati na unarudi ulikotoka.

Jambo moja la mwisho kwako, mama. Usukani na viti vikitikisika sana ukiwa D, kagua pia mauntingi, yaani vishikio vya mpira vinavyobeba injini, na plagi kama injini inarukaruka. Mauntingi iliyopasuka ndiyo mara nyingi inayolegeza bati. Ukifunga bati na kuiacha mauntingi, kelele itarudi.

SWALI: Nina pikapu ya kubebea mazao. Bati lililo chini ya katalisti lilikuwa linapiga kelele, fundi akaling'oa lote akalitupa. Kelele imekwisha na nimefurahi, lakini jirani ananitisha kuhusu moto. Naegesha shambani. Nani mkweli?
*Mkulima, Nebbi*

JIBU: Jirani. Na tunakuomba ulichukulie jambo hili kwa uzito wote, kwa sababu kuanzia Desemba hadi Machi kwenu nyasi ni kavu kama karatasi.

Nyasi kavu hazihitaji mwali ili kushika moto. Zikilala juu ya chuma cha nyuzi mia tatu na zaidi kwa muda, huanza kufuka, na upepo humaliza kazi. Ukitoka safari ndefu ukiwa na mzigo, kisha ukaegesha juu ya nyasi zinazofika magotini, katalisti iliyo uchi inazigusa moja kwa moja. Tena hatari kubwa ni baada ya kuzima. Gari likitembea upepo hupooza ekzosi. Likisimama upepo unakatika, na joto lililobaki linatafuta pa kwenda.

Hata pasipo nyasi, bati lililong'olewa lina gharama. La juu ya katalisti likikosekana, sakafu inapata moto na zulia linaanza kunuka. Likikosekana karibu na driveshafti, mpira unakauka na kupasuka, grisi inamwagika, na baada ya hapo kiungo chenyewe kinaliwa na mchanga. Waya wa sensa ya oksijeni nao huyeyuka. Fundi aliyeling'oa hatakuwepo siku hiyo.

La kufanya: ulizia bati la gari hilo hilo kwenye vipuri vilivyotumika. Soko la Kisekka mjini Kampala ndiko wengi huanzia. Nenda na namba ya chesesi pamoja na picha ya mahali lilipokaa, kwa sababu magari ya jina moja huweza kuwa na katalisti tofauti. Hadi ulipate, egesha kwenye udongo mtupu au changarawe, na kila ukitoka shambani, ekzosi ikishapoa, chungulia chini uondoe nyasi na majani ya mahindi yaliyonasa. Fanya hivyo hata baada ya bati kurudi: nyasi zikijazana kati ya bati na bomba zinashika moto vilevile.

SWALI: Nilifunga bati la bomba la kati kwa klipu mbili za skrubu, kama zile za mipira ya rejeta. Wiki mbili zikakatika. Nikarudia, zikakatika tena. Kosa liko wapi?
*Dereva, Kasese*

JIBU: Wazo lako ni zuri, kaka. Bati ambalo vishikio vyake vimeoza kabisa hufungwa vizuri kwa klipu, na kazi hiyo hudumu miaka ikifanywa sawasawa. Yanayoharibika ni manne, na huenda umeangukia zaidi ya moja.

La kwanza ni chuma chenyewe. Klipu nyingi za bei ya chini ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na kabla ya hapo huanza kubanduka, kisha maji ya murramu yanamaliza. Nunua klipu ambayo mkanda na skrubu vyote ni chuma kisichoshika kutu. Nenda dukani na sumaku ndogo. Klipu nyingi zina mkanda mzuri na skrubu mbovu: sumaku haishiki mkanda, lakini inang'ang'ania skrubu. Hiyo iache. Chagua mkanda wa upana wa milimita 12. Ule mwembamba wa milimita 8 au 9 ni wa mipira ya maji.

La pili ni kipimo. Zungushia kamba juu ya bati na bomba kwa pamoja, pima urefu, gawanya kwa 3.14. Kamba ya milimita 300 inakupa kipenyo cha karibu 95, kwa hiyo klipu ya 80 hadi 100 inafaa. Katalisti yenye mzunguko wa milimita 380 ina kipenyo cha 121. Ukikosa klipu kubwa, unga mbili ndogo, mkia wa moja kwenye skrubu ya nyingine. Klipu iliyovutwa hadi mwisho wa meno yake hushikwa na meno mawili au matatu tu, na moto ukiivuta inaachia.

La tatu ni mahali. Usiweke klipu zote mbili katikati. Weka kila moja sentimita 2 au 3 kutoka ncha ya bati, na skrubu igeukie ubavuni, isitazame chini ambako mawe hupiga. Isipite juu ya waya wa sensa wala juu ya bomba la kunyumbuka, kwa sababu bomba hilo hutembea kila injini inapotikisika na litaisaga klipu. Mkia unaobaki ukate, usiachwe ukining'inia.

La nne, ambalo tunalishuku zaidi kwako kwa kuwa zimekatika mara mbili kwa muda uleule: umekaza mno gari likiwa baridi. Ekzosi ikivimba inavuta mkanda ambao tayari umefika mwisho. Kukaza mno kuna ubaya mwingine, unalibonyeza bati hadi linakaa juu ya bomba na nafasi ya hewa inakwisha, nalo likigusa bomba halikingi chochote. Kaza mpaka bati lisichezeke kwa mkono, ongeza robo mzunguko, acha. Endesha nusu saa, lipoe kabisa, kisha rudi uongeze robo nyingine kama kuna ulegevu. Moshi kidogo na harufu katika dakika za kwanza ni dawa ya kutu na jasho la mikono vinaungua, si tatizo.

Waya laini wa kufungia nondo utakufikisha nyumbani tu. Kamba za plastiki, silikoni, vipande vya tairi au kitambaa kilichosokotwa katikati ya bati na bomba visikaribie ekzosi kabisa. Hivyo ni kuni.

SWALI: Kelele yangu hutoka mbele nikipanda vilima, kama njugu zinakaangwa. Nikiachia mafuta inakoma. Nimeshafunga bati la manifoldi, haikusaidia.
*Mwalimu, Kabale*

JIBU: Mwalimu, acha kulihangaikia bati. Kelele inayokuja injini ikibeba mzigo na kukoma mara tu unapoachia mafuta, hasa kwa gia kubwa na mizunguko midogo, ni ya mafuta kuwaka vibaya ndani ya silinda. Hakiki hivi: gari likiwa limesimama bila gia, pandisha mizunguko. Bati litalia hata bila mzigo. Hiyo yako haitalia. Kisha panda kilima kilekile kwa mwendo uleule ukiwa umeshusha gia moja. Ikipungua au kupotea, umepata jibu.

Sababu za kawaida ni petroli duni, masizi mengi kwenye vichwa vya pistoni, injini inayochemka kupita kiasi, plagi zisizo za kipimo chake, au taimingi iliyo mbele mno, yaani cheche inayowaka mapema kupita kiasi. Anza na kiwango cha maji ya rejeta na feni, halafu jaza mafuta kituo kingine. Usiendelee kuivumilia, kwa sababu kelele hii huvunja pistoni. Wakati huohuo panda kwa gia ndogo, usiisukume injini.

Kwa wengine wanaosafiri kwenye murramu: kelele inayobadilika na mwendo wa gurudumu, si na mizunguko ya injini, haitoki kwenye ekzosi. Mara nyingi ni kijiwe kilichonasa kati ya diski ya breki na bati lake la kuzuia vumbi. Kinakwaruza kwa sauti kali. Kurudi nyuma mita chache huweza kukiangusha. Kisipoanguka, toa gurudumu na usogeze bati la vumbi kwa kidole.

SWALI: Gari limefika kutoka Japani mwezi uliopita, mwili unang'aa, lakini wiki ya pili tu bati la chini limeanza kulia. Nimetapeliwa?
*Mukono*

JIBU: Si lazima. Sheria ya Uganda ya 2018 inazuia kuingiza magari yenye miaka 15 na zaidi, lakini gari la miaka 12 linaingia, na miaka hiyo yote limekuwa na mabati yaleyale. Likitoka mikoa ya theluji kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, chini huwa kumeoza wakati rangi ya juu bado ni nzuri. Huko lilipita kwenye lami laini, na hapa limekutana na matuta. Funga bati, lakini ukiwa chini angalia pia mabomba ya breki na ncha za bomba la ekzosi, maana chumvi haichagui. Mabomba ya breki yenye kutu inayobanduka magamba ndiyo ya kushughulikia kwanza, kabla ya kelele yoyote.

SWALI: Fundi vyuma hapa Katwe anaweza kunitengenezea bati jipya kutokana na bati la nyumba, kisha alichomelee kwenye bomba. Bei ni nzuri. Nikubali?
*Kampala*

JIBU: Mikono ya Katwe tunaiamini. Bati la nyumba na kuchomelea ndivyo tunavyovikataa.

Bati la kuezekea limepakwa zinki, na mipako hiyo haifai kukaa muda mrefu kwenye joto linalozidi nyuzi 200 hivi. Itabanduka, kutu itaingia, na lile la rangi litatoa moshi mbaya. Akichomelea bati la zinki, mvuke wake humpa fundi homa na maumivu ya kifua usiku huo. Tena bati lililochomelewa kila upande haliwezi kuvimba kwa kiasi chake, kwa hiyo hupasuka kandokando ya uchomeleaji, au hupasua bomba lenyewe, na hapo unapata uvujaji wa gesi chini ya miguu ya abiria.

Mwambie atumie shiti ya aluminiamu ya milimita 1 kwa sehemu za chini ya sakafu. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo isiguse bomba na isiwekwe kwenye manifoldi wala kuvikwa katalisti. Huko kunahitaji chuma kisichoshika kutu, milimita 0.6 hadi 0.8. Akate kwanza kielelezo cha katoni na kukijaribisha chini ya gari. Nafasi ya hewa iwe milimita 10 au zaidi pande zote. Kingo azikunje milimita 5, si kwa urembo: ukingo uliokunjwa unalikaza bati lisiimbe, na haukati mkono wa mtu atakayeingia chini baadaye. Katikati apige mifereji miwili au mitatu kwa nyundo, kama ile ya bati la kiwandani, kwa sababu bati bapa kabisa ndilo linalolia kuliko yote. Kisha lifungwe kwa bolti za M6 na washa pana, kwenye vishikio vya zamani.

Panapokuwa pamechomelewa kiwandani tangu mwanzo, kudonoa tone dogo moja au mawili kwa mashine ya waya kunakubalika. Waya hasi wa betri utolewe kwanza, mabomba ya petroli yafunikwe kwa kinga isiyoungua, na mtu asimame na kizima moto au ndoo ya mchanga.

SWALI: Mimi ni bodaboda. Kinga ya ekzosi ya pikipiki yangu inalia, nataka niitoe.
*Soroti*

JIBU: Usiitoe, ndugu. Kinga hiyo iko kwa ajili ya mguu wa abiria, na anayeungua mara nyingi ni mtoto au mama aliyekaa upande mmoja, mguu wake ukilala juu ya bomba. Fungua skrubu zake pikipiki ikiwa baridi. Pikipiki nyingi huwa na washa za kuzuia joto kati ya kinga na bomba, na kelele huanza pale washa hizo zinapopasuka au kupotea. Weka mpya zinazostahimili moto, au washa za chuma kisichoshika kutu kama huzipati, kila mahali idadi ileile ili kinga isikae upande. Skrubu zikiwa zimelegea nyuzi, badilisha kwa ndefu kidogo, lakini hakikisha ncha haigusi bomba. Kaza kwa zamu, kidogo kidogo, na uzipitie tena baada ya siku moja ya kazi.